Talaka Niliyoitoa Jukwaani Msata

Siku yangu ya kwanza kazini sikuigiza chochote. Nilipiga pasi kanzu kumi na moja. Nilikuwa nimefika Bagamoyo na sauti yangu, nimeilainisha kwa tangawizi tangu alfajiri, nikijua nitapangwa kuwa sultani. Mkuu wa kikundi chetu cha maigizo aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha pasi ya mkaa na lundo la maleba, yaani nguo za kuchezea, akasema anayetaka kuvaa kanzu aanze kwa kuinyoosha. Nilinuna mpaka adhuhuri. Leo namshukuru, Mungu amrehemu, maana sijawahi kupanda jukwaani na nguo iliyokunjamana, na ninyi vijana mnajijua.

Pasi hiyo ndiyo iliyonipa mke. Mtunza maleba alikuwa Zuhura, binti wa Msata, na hata nilipoanza kupewa nafasi za kusema niliendelea kwenda kupiga pasi bila kuagizwa. Watu wakaelewa. Posa ilipopelekwa kwao, mama yake aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga wangu akajibu, "Ya kuzungumza na watu." Hakusema uongo.

Katika kazi hii nimekuwa hakimu, mganga, mlevi, mwalimu, na mara moja maiti, nafasi ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye mafua. Lakini siku moja kazi yenyewe ilitaka kuninyang'anya mke, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Tulikuwa tukizunguka vijijini na mchezo wa mume anayemwacha mkewe kwa sababu anazaa mabinti watupu. Mimi nilikuwa mume. Mwongozaji, yaani yule anayepanga nani asimame wapi na aseme vipi, alikuwa mtu wa bara, mkali lakini mwenye haki. Talaka yangu haikumridhisha. Aliniambia naitoa kama mtu anayeomba chumvi.

"Hasira haiazimwi," alisema. "Kila mtu anayo ya kwake nyumbani. Nenda kaichukue uje nayo."

Vigwaza tulicheza vizuri, makofi yakawa ya kutosha. Tulipofika Msata, mwenzangu aliyekuwa akicheza nafasi ya mke, anayeitwa Mwanaidi kwenye mchezo, akashikwa na homa. Zuhura alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia kila siku na maneno yote anayajua, kwa hiyo Mwongozaji akamwambia aingie yeye. Hapo, wanangu, ndipo sote tulipopumbaa. Kikundi kizima, wengi wetu tumesoma chuo cha Kurani tangu utoto, na hakuna aliyekumbuka kwamba jioni ile mume atampa talaka mke wake wa ndoa, na kwamba talaka haina mzaha.

Na asubuhi hiyo tulikuwa tumegombana. Ndugu zake walinitafutia kazi ya kutunza stoo ya nyavu Mbegani, kazi ya mshahara, nami nikaikataa. Zuhura aliniambia kwao wanamcheka kwamba ameolewa na mchekeshaji. Neno lile lilinichoma. Nilitoka bila kumaliza chai.

Baada ya swala ya alasiri uwanja ulijaa, mama mkwe wangu yuko mstari wa mbele na wajukuu wa jirani. Ilipofika sehemu yenyewe, nikafanya kama Mwongozaji alivyonifundisha. Nikaichukua ya asubuhi. Mswada ulisema, "Mwanaidi, nimekuacha." Mimi nikamtazama Zuhura machoni nikasema, "Nimekuacha. Nenda kwenu." Zuhura alikuwa na maneno manne ya kujibu, hakuyasema. Alijifunika uso kwa khanga akatoka.

Nikajua nimecheza vizuri kuliko siku zote, na walahi nilifurahi.

Nilipokwenda nyuma ya pazia nikamkuta mama mkwe anakunja nguo za bintiye. Nikacheka, nikamwambia mama, ule ni mchezo. Hakupandisha sauti.

"Mkwe wangu, umetamka, na Msata nzima imesikia. Mwanangu halali kwako mpaka sheikh aseme."

Kesho yake asubuhi tukakaa kwenye mkeka wa sheikh: mimi, Mwongozaji, mama mkwe, na Zuhura nyuma ya mama yake. Sheikh alikuwa mtaratibu. Aliuliza mke wa kwenye mchezo anaitwa nani, nikamwambia. Akauliza kama nilimtaja, nikasema sikumtaja. Kisha akaniambia kwamba mwenye kusimulia maneno ya mtu mwingine, yeye mwenyewe hajamwacha mke wake. Moyoni mwangu, akasema, yeye hawezi kuingia. Nikisema nilikuwa nasimulia tu, nimchukue mke wangu twende zetu.

Mwongozaji akanitikisia kichwa: sema. Na kusema nilikuwa naweza. Mtu aliyewaaminisha watu kwamba amekufa na mafua yake atashindwa na mkeka wa watu watano? Lakini nilimwona Zuhura ananitazama juu ya bega la mama yake, na yeye alikuwepo pale jukwaani. Yeye nisingemdanganya. Nikaogopa kumpoteza, na nikaogopa zaidi kuishi naye akijua.

Nikasema, "Sheikh, wakati ule nilikuwa nimemkasirikia yeye. Nilimkusudia yeye."

Mama mkwe akavuta pumzi. Sheikh akasema basi hiyo imehesabika, talaka moja. Akaeleza kwamba maadamu eda haijaisha naweza kumrejea kwa neno tu, na mashahidi wapo. Kumwuliza mwenyewe si lazima. Nikamwuliza.

Zuhura akajibu taratibu. "Jana umeniacha mpaka watu wakaamini. Sasa nirejee mpaka niamini mimi."

Wanangu, sikuwa na mswada, wala wa kunikumbusha maneno. Sauti ya tangawizi ilinikimbia. Nikasema, "Nimekurejea, mke wangu, na stoo ya Mbegani nitaikubali," vibaya, nakwamakwama. Akasema stoo niiache, nitawaharibia watu nyavu zao. Mama mkwe akacheka wa kwanza.

Baada ya hapo kazi ilinipeleka mbali. Nilicheza michezo ya redio, ambako unatembeza farasi kwa kugonganisha vifuu viwili vya nazi. Kisha nikaingia kwenye filamu, nikajifunza kwamba kamera haitaki kelele za jukwaani, inataka utulie ikufuate. Baadaye tamthilia za televisheni, hadi watoto wa Bagamoyo wananiita kwa majina ya watu nisiowapenda. Alhamdulillahi kwa yote. Kila mwongozaji alinipa kitu. Yule wa bara alinipa kikubwa kuliko wote, lakini nafasi ya kumwacha mke sikuichukua tena, hata na mke asiye wangu.

Nimestaafu sasa. Juzi nilimsomea Zuhura haya niliyoandika, maana kisa ni chake pia. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, akasema yote ni kweli ila nimeficha jambo moja: pale kwenye mkeka nililia. Nikamwambia sikulia, sauti ilikwama tu. Akaacha ungo akanitazama.

Basi naandika. Nililia, wanangu, mbele ya mama mkwe na sheikh, na hakuna aliyenielekeza.