Sauti ya Mzee Likwenya

Jamani, mie mpaka leo nikipita mtaa wa Mzee Likwenya kule Temeke naangalia pembeni, maana aibu niliyoipata pale, mbele ya watu wote wa arobaini, haijanitoka.

Enzi zile za mgao wa umeme nilikuwaga na kibanda cha kutengeneza redio, na mkanda wa kaseti ukitafunwa mie naufungua, nakata penye makunyanzi, naunga kwa rangi ya kucha (ya mke wangu, na ugomvi wake mnaujua). Asubuhi ya arobaini ya mzee akaja binti yake Zuhura, aliyekuwa anasomea udaktari, na kaseti iliyotafunwa. Baba yake alikufa kwa saratani ya kongosho, macho ya njano, mwili umekwisha, na tangu anaumwa ndugu zake walikuwa wanavumisha kuwa mkewe kamloga, wanataka kumtoa nyumbani. Mzee alijirekodi kumtetea. Umeme hakuna, betri zangu zimelala, ningesema tusubiri nisikilize kwanza, lakini mie na ujuaji wangu nikakata vipande viwili vibovu, nikaunga, nikasema tayari.

Alasiri, kisomo kimekwisha, uani pamejaa, redio yao, yenye betri mpya, ikawekwa kwenye kiti alichokuwa anakalia marehemu. Ikaanza na kikohozi, kile kile cha mzee, mpaka watoto wakageukia redio. Kisha, taratibu:

"Ugonjwa huu kanipa mke wangu. Mungu atamlipa."

Bi Mwanahawa, mjane mwenyewe, hakulia, alikitazama tu kile kiti chenye redio. Shemeji yake akanyanyuka akamwambia afungashe, na wengine walishatoka mbio kwenda kusimulia.

Zuhura akaniinamia. "Fundi, ulivyovikata viko wapi?"

Viko mfukoni mwa shati, jamani! Nikakalishwa mkekani niunge upya mbele ya kadamnasi, rangi ya kucha tumeazima kwa jirani (kwenye arobaini!), naye Zuhura ananishikia mkanda huku ananieleza kwa sauti ya chini kwamba hata ndani ya chembe za mwili kuna ujumbe unaonakiliwa, ukakatwa vipande, ukaungwa, ndipo chembe ijue ifanye nini. Saratani ya kongosho wakati mwingine inaunga kivyake, na chembe iliyokuwa imetulia inapata amri ya kubanduka na kwenda kuota kwenye ini.

"Baba ndivyo alivyokwenda," akasema. "Maneno ni yale yale, fundi. Yamepunguzwa tu."

Tukawasha tena. Safari hii sauti ilitoka imezama, kama mtu anasemea ndani ya mtungi, na ilinitisha kuliko ya kwanza:

"Wapo wanaosema ugonjwa huu kanipa mke wangu. Uongo. Kanitunza mpaka mwisho. Mungu atamlipa."

Shemeji akakaa. Akaomba radhi, tena mbele ya wote. Lakini waliotoka mwanzo hawakurudi kusikia, na mie tangu siku ile mkanda wenye sauti ya mtu siukati, hata uwe umechakaa vipi, nauacha na makunyanzi yake.

Nyumba aliachiwa, ila Bi Mwanahawa alichoka macho ya watu, akahamia huko mbali Kibamba kwa hiari yake. Zuhura aliniambia mama yake hajamaliza hata kupanga vyombo, jirani kashakuja kumuuliza kama yeye ndiye yule aliyetajwa na maiti.