Dafu la Mnazi wa Baba

Baba alipofariki, miaka ile ya hamsini, minazi yake yote ya Msambweni alipewa mpwa wake, mtoto wa shangazi yangu. Ndiyo iliyokuwa mila yetu sisi Wadigo: mali ya mtu humwendea mtoto wa dada yake, si mtoto aliyemzaa. Mimi niliyebeba maji ya kisima kuinywesha ile miche tangu hainifiki magotini, niliambiwa nisubiri mali ya mjomba wangu.

Nikasubiri. Mjomba alikuwa na nyumba ya mawe Diani, na kila nilipokwenda kumwamkia niliitazama milango yake kama yangu. Lakini alipokaribia kufa aliita mashahidi, akasema yeye ni Muislamu, mali yake igawanywe kwa sharia, wapate watoto wake. Wazee walewale walioniambia mila haivunjwi wakaitikia amin. Kila mmoja wao alishika alichokitaka, mimi nikakosa huku na kule.

Siku moja nilipita shambani. Mtoto wa shangazi alikuwa amejikalia kivulini, kitambi kimeanza kumtoka.

"Karibu dafu, ndugu yangu," akaniambia, akamtuma mkwezi wake kwenye mnazi wa kando ya njia, ule niliounywesha kwa mikono yangu.

Nilikunywa nikimwomba Mungu liwe chungu. Lilikuwa tamu mno, nami nikamshukuru kama mgeni.