Mwambie Bibi Yako Akanyage

Sisi tuliokulia Iyula enzi zile, watoto tukilikimbilia kila gari ili tunuse moshi wake, hatukuhitaji kuambiwa kuwa baba anarudi. Gari lake lilikohoa bondeni, likanyamaza, likakohoa tena, na mama akasema, "Wekeni maji ya kuoga, baba yenu yuko karibu." Lilikuwa pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, ndani linanuka mafuta ya taa na maganda ya kahawa. Majirani walilibatiza Panda-Ushuke, maana hakuna aliyewahi kulipanda asishuke kulisukuma. Tulilisukuma tukienda kanisani, tukalisukuma tukitoka mnadani, na tulifurahi kwelikweli. Watoto wa leo ukiwaambia wasukume gari, wanauliza kwanza nani atawapiga video.

Lakini iko siku moja ambayo sijaielewa hadi leo.

Mama alishikwa na uchungu wa kujifungua kabla ya siku zake, akamtaka mama yake mzazi, bibi yangu wa Hasamba, aliyetupokea sisi wote duniani. Baba akawasha Panda-Ushuke kwenda kumchukua, akanipakia na mimi. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe nilihitajika niwe mdomo.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakukaribiana, wala hawakusemezana. Haukuwa ugomvi, ilikuwa heshima. Bibi alimpenda baba kuliko baadhi ya wanawe, na baba alimchagulia mahindi bora ya shamba zima. Ila wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Kwa hiyo bibi alipanda nyuma ya pikapu, juu ya magunia, kajitanda kanga, kampa baba kisogo.

"Mwambie bibi yako ajishike, kuna shimo," baba ananiambia.

"Mwambie baba yako nimesikia," bibi anajibu kutoka nyuma.

Nami nageuza shingo huku na huku, nikijiuliza wakubwa hawa wamepewa masikio ya nini.

Tulipofika juu ya kilima cha mwisho, gari likazima. Baba akafungua boneti, akapuliza bomba, akaomba Mungu. Mvua ilikuwa imewafukuza watu wote barabarani. Mbele yetu ulikuwa mteremko, chini yake daraja jembamba la magogo, na ng'ambo ya daraja nyumbani, mama anatungoja. Msukumaji alikuwepo. Wa kushika usukani hakuwepo, na miguu yangu haikufika chini.

"Mwambie bibi yako," baba akasema taratibu, "aje akae kwenye usukani."

Kwenye kiti cha mkwe wake! Bibi akashuka, akazungukia upande wa pili ili wasipishane, akavua viatu kama anaingia sebuleni kwa watu, akaketi. Nikakaa ubavuni mwake. Masomo ya udereva yakapitia kwangu: kikanyagio cha kushoto akikanyage, akiambiwa aachie, gari likiwaka akanyage cha katikati, ndiyo breki.

Baba akasukuma. "Mwambie aachie!" Nikamwambia, akaachia, Panda-Ushuke likashtuka, likanguruma, likaondoka na sisi. Baba akabaki nyuma akikimbia kwenye tope. "Mwambie akanyage cha katikati!"

Bibi alisikia. Najua alisikia, kwa sababu alinigeukia, macho yamemtoka, akingoja nimwambie. Nami mdomo wazi, neno halitoki. Daraja linakuja. Bibi ananingoja. Daraja linakuja.

"Mama! Kanyaga, mama!" baba akamwita mwenyewe.

Akakanyaga. Tukasimama daraja likiwa mbele kidogo tu, na gari likazima tena. Ukawa unasikia mto peke yake. Baba alifika akihema, akasimama mbali, kichwa chini kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi nikangoja radi ipige.

Bibi alikaza kanga yake, akaniambia, "Mwambie baba yako asukume tena. Mwanangu ananingoja."

Safari hii nilimwambia bibi kila kitu mapema. Likawaka, akalisimamisha kwa miguu yote miwili, baba akashika usukani, bibi akarudi kwenye magunia. Mdogo wangu alizaliwa jioni ile mikononi mwa bibi, na hakuna aliyetaja lililotokea. Wiki iliyofuata baba alipeleka kuku Hasamba, nikatumwa kumkabidhi. Nilipomuuliza mama ni wa nini, alisema, "Ukikua utajua." Nimekua, nimezeeka, sijui. Alikuwa faini, au shukrani? Bibi hakumchinja yule kuku, alimfuga mpaka akafa kwa uzee.

Panda-Ushuke lililala stoo ya kahawa miaka mingi, mpaka mkwe wangu, mume wa binti yangu, alipolitengeneza na kulipaka rangi nyekundu. Anasema ni klasiki, na vijana wenzake wanapanga foleni kupiga nalo picha. Mwezi uliopita alinichukua Tunduma, mimi na mjukuu wangu wa kike, aturudishe Iyula. Kufika eneo la Mpemba tu, likazima.

Mkwe huyu ananiita mama kutwa nzima. Tunakaa bega kwa bega, tunagawana hindi moja la kuchoma, na njia nzima alikuwa anaongea na simu. Baba hakuruhusiwa kumwambia bibi hata neno moja, na maneno yake yote yalikuwa juu ya bibi: ajishike, asilowe, asiumie. Sijui kati ya hawa wawili nani alikuwa karibu na mama mkwe wake. Nikifikiri nachanganyikiwa zaidi.

"Mama, kaa hapo kwenye usukani, mi nasukuma," akasema, wala hakufikiri mara mbili. Nikakaa pale alipokaa bibi. Nikajikuta nimevua viatu.

"Mama, achia!"

Nilisikia vizuri kabisa. Mguu ukagoma. Nikamgeukia mjukuu wangu, nikamngoja.

Akainua macho kutoka kwenye simu, akanishangaa. "Bibi, si amekwambia mwenyewe?"

Ni kweli, aliniambia mwenyewe. Nikaachia, Panda-Ushuke likakohoa vilevile kama zamani, na machozi yakanitoka nisijue namlilia nani.