Makasha ya Daktari wa Meno

Shemeji yangu aliitwa Mzee Msasa, na waliompa jina hilo hawakulitoa kwenye kazi yake. Msasa unakwaruza mbao ili ing'ae. Yeye alikwaruza watu, na sikuona hata mmoja aliyeng'aa.

Alimwoa dada yangu, na kwa kuwa mimi ni mshonaji, nikajikuta nina kona yangu kwenye karakana yake. Kazi yake ilikuwa kufufua spika za zamani, zile kubwa zenye makasha ya mbao ambazo watu huachiwa na wazazi wao na hawana moyo wa kuzitupa. Mimi niliwamba kitambaa cha mbele. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kwenye kasha: kubandua ganda la zamani lililovimba kwa unyevu, kuziba mashimo, kupiga msasa, halafu kulivisha vinia mpya. Vinia ni mbao iliyochanwa nyembamba mpaka inakunjika kama karatasi. Mbao nzuri ni adimu, kwa hiyo kasha hujengwa kwa mbao ya hovyo kisha likavishwa nzuri kwa juu. Nawajua na watu waliojengwa hivyo, na nilikuwa nakaa karakana moja na mmoja wao.

Mtu wa tatu pale alikuwa binti yao, mpwa wangu. Ana jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini kazini baba yake alimwita Shika, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kutwa nzima. Shika hapa, shika pale, shika vizuri, una mikono au una mabua? Jina likamganda. Hata wateja wakawa wanamwita Shika bila kujua kwamba wanamtukana. Alianza kazi akiwa binti mdogo aliyemaliza shule, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ambazo dada yangu alikuwa akizing'oa kwa siri anapomsuka.

Alichokitaka kilikuwa neno moja: fundi. Msicheke. Katika mtaa ule wa karakana mtu hakuhesabiwa kuwa fundi mpaka aliyemfundisha amtaje hivyo kwa mdomo wake mbele ya mteja. Kabla ya hapo wewe ni msaidizi, hata uwe na mikono ya dhahabu. Hakuna atakayekupa kazi kwa jina lako, hakuna atakayekukodisha hata meza. Vijana wa karakana ya jirani walitajwa baada ya mwaka mmoja, wengine hata msumari ulikuwa bado unawapindia. Mpwa wangu alikuwa bado anashika.

Na mikono ya dhahabu alikuwa nayo kweli. Ile ya shemeji ilikuwa imeanza kutetemeka, mwanzoni kidogo, baadaye mpaka kikombe cha chai kikawa kinapiga makelele kwenye kisahani. Kuanzia hapo kila kasha lililotoka pale lilivishwa na mpwa wangu nyuma ya pazia. Mteja akija, shemeji alitokea mbele akijifuta mikono kwa tambara, mikono ambayo haikugusa kitu tangu asubuhi, akapokea sifa zote na kuuliza kama kuna nyingine.

Nieleze na gundi yao, maana bila gundi hamtanielewa. Unapaka kwenye kasha, unapaka na kwenye vinia, unaziacha mpaka ukigusa kwa kidole hazinati. Ndipo unazikutanisha. Zikigusana zimegusana, hakuna kusogeza, hakuna kusema ngoja kwanza. Ni kama ndoa ya dada yangu. Kwa ajili hiyo shemeji alikuwa na amri moja: gundi ikiwa wazi, midomo ifungwe. Alisema maneno yanapotosha mkono.

Mpwa wangu aliwahi kuivunja amri hiyo, enzi mzee angali anavisha mwenyewe. Aliona hewa inajikusanya chini ya vinia, akasema, "Baba, hapo kwenye kona." Shemeji alimpiga vidoleni kwa mpini wa rola ya kukandamizia vinia, mteja anaangalia, kisha akaendelea kusukuma rola yake kama mtu aliyefukuza nzi. Hewa ilikuwepo. Jioni aliipasua mwenyewe kwa wembe, amegeuza mgongo ili tusione. Vidole vya mpwa wangu vilivimba, na kesho yake alishika kama kawaida.

Sasa akaja daktari wa meno. Alileta spika mbili za marehemu baba yake, za aina ambayo nusu ya juu ya uso ni kitambaa na nusu ya chini ni mbao. Alileta na vinia yake mwenyewe, vipande viwili pacha vilivyochanwa kutoka gogo moja, kimoja kikifuatana na kingine, kutoka kiwanda kilichokwisha kufungwa. Michirizi yake ilipanda kama miali ya moto inayoinamia upande mmoja. Uzuri wa vipande pacha ni kwamba unavifungua kama kurasa za kitabu: kimoja unakigeuza, na miali ya kasha la kushoto inainamia la kulia, ya kulia inainamia la kushoto, kama watu wawili wanaosalimiana. Daktari alisema hana kingine na hajui pa kukipata.

Usiku huo huo mezani shemeji alitoa ahadi. Sijui nini kilimwingia, labda alishiba. Alimwambia dada yangu kwamba hizi za daktari atazivisha binti, na daktari akija kuzichukua atamtaja. Dada yangu aliacha kula. Tangu siku hiyo kila nilipopita kwake aliniuliza wamefika wapi, wameziba mashimo, wamepiga msasa, lini hasa? Alimshonea binti yake aproni mpya, na mimi mshonaji nikanyimwa hata kupinda upindo.

Mpwa wangu aliyatengeneza makasha yale kwa namna ambayo sijapata kuona. Alipitisha kiganja kila pembe, amefumba macho. Vinia alizilaza chini ya ubao mzito mpaka zikanyooka. Upande wa kila kipande ambao ungepokea gundi aliuwekea msalaba wa chaki, kwa kuwa ukipaka upande usio wake kwenye kipande cha pili, hutapata pacha wanaosalimiana, utapata wawili wanaotazama upande mmoja. Shemeji alikuwa akiicheka chaki hiyo miaka yote. Alisema chaki ni ya walimu.

Siku ya kuvisha, daktari alipita kuangalia. Aliyasifia makasha, akauliza kwa heshima, "Ni mikono yako mwenyewe, mzee?"

Shemeji akajibu, "Ya nani tena?"

Daktari akaondoka ameridhika. Nadhani pale ndipo shemeji alipotaka uongo wake uwe kweli. Aliingia nyuma ya pazia, akamnyang'anya mpwa wangu brashi. Akasema kazi ya daktari si ya kujifunzia. Mpwa wangu alimkumbusha ahadi, taratibu, bila kupandisha sauti. Shemeji akachukua tambara akafuta misalaba yote ya chaki.

"Mimi sihitaji ramani," akasema. "Shika."

Basi akashika. Kasha la kwanza lilienda vizuri, nampa haki yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia, jasho linamtiririka, lakini vinia ilikaa, na rola ilipita juu yake bila hewa hata moja. Akajitapa kwa kunitazama mimi. Akachovya brashi tena, akapaka kipande cha pili. Mimi ni mtu wa kitambaa, sikuona kitu. Nilichokiona ni uso wa mpwa wangu. Alifungua mdomo, akatazama vidole vyake, akaufunga. Kisha akasimama wima kabisa, mikono nyuma, akasubiri gundi ikauke kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Gundi ikawa tayari. Shemeji akamwita ashike upande wake, na mpwa wangu akashika, akalenga pembe kwa pembe, sawasawa, hakuipindisha hata unywele. Wakaishusha. Shemeji akapitisha rola, akarudi nyuma kuyatazama makasha mawili kwa pamoja.

Miali yote ilikuwa imeinamia kulia.

Alitazama sana. Akaenda upande mwingine wa chumba akatazama kutoka huko, kana kwamba kosa lilikuwa la mlango. Mwishowe akauliza, "Uliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupaka."

"Na ukanyamaza."

"Gundi ilikuwa wazi, baba."

Nilifurahi, sitaficha. Miaka yote ile ya shika, na vile vidole, na lile tambara la kujifutia mikono mikavu, vyote vilikuwa vimelipwa kwa sentensi moja, na nilitamani dada yangu angekuwepo aisikie. Lakini nilipomtazama mpwa wangu sikuona furaha. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile kasha la pili, anaipapasa mbao. Aliipenda ile mbao kuliko sisi sote. Alikuwa ameiua ili amkomoe mzee mmoja, na alijua.

Hakukuwa na la kufanya. Kuibandua kwa pasi na dawa ya kuyeyusha gundi kungeipasua vipande, na kipande cha tatu hakikuwepo. Shemeji hakupiga mtu safari hii, na hilo lilinitisha zaidi. Aliagiza makasha yapigwe vanishi, mpwa wangu akayapiga. Mimi nikawamba vitambaa. Kwa siku kadhaa tulifanya kazi kama watu walio msibani, isipokuwa shemeji, ambaye alianza kupiga mluzi.

Daktari alikuja mchana, na gari la kubebea. Mwanzoni alifurahi. Vanishi ilikuwa kioo kitupu. Akazisogeza spika zikae kama zitakavyokaa sebuleni kwake, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Mtu anayetazama meno siku nzima hawezi kukosa kuona kama kushoto na kulia havilingani.

"Mbona zote zinaangalia huku?" akauliza.

Nilimtazama shemeji. Nilisema moyoni, leo maji yamemfika shingoni. Shemeji akaja taratibu, akamshika binti yake bega, mkono unatetemeka juu ya ile aproni mpya, akamsogeza mbele.

"Huyu ni binti yangu," akasema. "Ndiye aliyezivisha. Huyu ni fundi."

Alilitamka wazi, kwa sauti ya kutosha, mpaka vijana wa karakana ya jirani wakageuka mlangoni. Akaongeza kwamba umri umemtupa mkono, kwamba kazi zote sasa anamwachia fundi, kwamba ndiyo hivyo, damu yako huwezi kuikana hata ikikosea.

Daktari alimtazama mpwa wangu kutoka kichwani mpaka miguuni. Hakutukana, alikuwa mtu mstaarabu. Alisema tu kwamba baba yake alizitunza spika zile maisha yake yote, na kwamba kama angejua ni binti huyu atakayezigusa, asingezileta. Kisha akamwambia shemeji pole.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeshasimama, mkasi mkononi, ningeyamwaga yote. Mpwa wangu akanitazama na kutikisa kichwa. Akamgeukia daktari akasema, "Ni kweli. Mimi ndiye fundi. Nisamehe." Akamsaidia kubeba makasha hadi kwenye gari, akayafunga kwa blanketi yasikwaruzwe njiani. Wale vijana wa jirani walimpisha wakisonya, na mmoja akasema ndiyo maana mzee alimchelewesha.

Aliporudi nilimvuta kando nikamuuliza ana wazimu gani. Kwa nini alinizuia?

"Mjomba," akasema, "ungesema kweli, angelichukua tena lile neno."

Nilirudi kwenye kona yangu nikashona kitu, sikumbuki nini, na nilikishona vibaya.

Jioni tulikula kwa dada yangu. Shemeji hakungoja hata mikono ikauke. Alimwambia mkewe kwamba ahadi imetimia: leo, mbele ya daktari, amemtaja binti yake kuwa fundi, na mtaa mzima umesikia. Dada yangu aliweka sufuria chini. Alimwomba ayarudie maneno yenyewe, yalivyotoka, asiruke hata moja. Shemeji akayarudia, "Huyu ni binti yangu. Ndiye aliyezivisha. Huyu ni fundi," kwa sauti ile ile, na dada yangu akajifunika uso kwa upande wa khanga akalia. Akasema Mungu amemsikia. Akanigeukia kuniuliza kama ni kweli alisema hivyo, nikamwambia ni kweli, alisema hivyo.

Kisha akamwambia binti yake asikae tu kama mgeni, ainuke akamshukuru baba yake.

Mpwa wangu akainuka. Akazunguka meza, akapiga goti, akasema, "Asante, baba."

Shemeji akasema si neno, akaomba aongezewe mchuzi.