Kibanda cha Getini

Shule mimi niliishia darasa la saba, na leo wenye digrii ni wapangaji wangu. Naliandika hili mapema ili msomaji ajue anamsoma nani.

Eneo letu hapa Mwanza, kando ya ziwa, lilikuwa la viwanda vya samaki. Katika kimoja nilikata minofu ya sangara, na kila jioni mlinzi alinipekua kwenye kibanda cha getini, mpaka ndani ya gambuti. Kiwanda kilipofungwa nikachuuza mapanki, ile mifupa ya samaki waliokwisha kukatwa minofu. Nikapata pikipiki, nikapata lori, mwisho nikanunua kiwanda chenyewe. Sikubebwa na mtu. Juu nikajenga vyumba vya kuishi, chini maduka. Kile kibanda nikakifanya ofisi. Nilitaka nikae palepale nilipokuwa nikiinulishwa mikono.

Chumba cha barafu, kilimohifadhiwa minofu, sikukigusa. Fundi alitaka kutoboa madirisha, nikamkatalia. "Joto la Mwanza hulijui wewe? Kuta hizi hazipitishi joto, hii ni baridi ya bure!" Humo nikampangisha dada mmoja wa Bukoba, wakala wa kutuma na kutoa pesa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza. Wa saluni na wa mgahawa walikuwa bado wanachungulia, waone kama watu watakuja.

Wiki haikuisha, akaja ofisini.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba."

"Marahaba. Baridi inakutosha?"

"Baridi ipo, mtandao haupo. Kuta zako ni bati ndani, bati nje. Kila mteja akija natoka na simu uani, nazunguka kama natafuta kuku."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nipe hiki kibanda, au nahamia ng'ambo ya barabara."

"Hiki? Unajua nilivyodhalilishwa hapa?"

"Waliokupekua wameshaondoka, baba. Unamngoja nani?"

Akihama yeye, wale wawili hawaji, na jengo langu linabaki gofu lenye rangi mpya. Nikainuka, nikajitwisha kiti changu mwenyewe. Mlangoni akanizuia.

"Ngoja kwanza nikupekue."

Nikaweka kiti chini, nikainua mikono. Hapo tukacheka wote.

Sasa foleni ya wakala inafika barabarani, saluni ipo, mgahawa upo. Ofisi yangu ni chumba cha barafu. Simu haishiki kabisa. Anayenitaka anakuja kwa miguu yake, anagonga.