Mteremko wa Stoo ya Baba

Mpaka leo nikiona sakafu nyekundu inang'aa, naizunguka.

Baba aliendesha treni maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu hapa Manyoni, aliigeuza stoo yetu ya alizeti kuwa reli ndogo: mabehewa ya makopo, mota za redio mbovu, na mezani mlima wa udongo, mfano wa ule ambao treni yake iliupanda kutoka stesheni ya Saranda. Kisha ugonjwa wa mgongo ukamweka kwenye kiti cha magurudumu. Sakafu ya stoo iko chini kuliko ua, kwa hiyo kaka yangu mkubwa alikuwa akimshusha mgongoni. Mzee wa watu alifumba macho mpaka awekwe chini. Alitaka kitu kimoja tu, kuingia mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchora majengo, nikamchorea mteremko. Mrefu, wa taratibu, unaofuata ukuta wa ua. Saruji ikwaruzwe kwa ufagio ingali mbichi. Ukingo pembeni ili gurudumu lisidondoke. Nikamwachia kaka mchoro, nikarudi kazini Singida mjini.

Nilirudi siku ya maulidi nyumbani. Kaka alikuwa ameukata mteremko nusu, ukawa mkali, maana ule mrefu ungekula sehemu anayoegesha gari lake. Ukingo hakuna. Saruji ililainishwa, ikapakwa nyekundu, ikapigwa polishi kama sebule. Kwetu sakafu isiyong'aa ni aibu ya nyumba, najua, lakini hapa palikuwa pa kupita magurudumu! Wageni waliuzunguka na sahani za pilau, wakiupiga picha. "Mashallah, kama hotelini!" Niliweka sahani yangu chini, nikamvuta kaka pembeni.

"Kaka, Baba atateleza hapa."

"Mdogo wangu, usituaibishe mbele za watu. Ule mchoro wako ulikuwa kama njia ya ng'ombe."

Baba akaja na kanzu yake nyeupe, akaanza kushuka. Alipoona kiti kinakimbia aliyakamata magurudumu kwa nguvu. Magurudumu yalisimama, kiti kikaendelea kuteleza. Akaivaa meza, na mlima wa Saranda ukammwagikia mapajani.

"Pole, mzee, pole," walisema wageni. Mmoja alikuwa bado anarekodi kwa simu. Nilimchukia yule mtu, na kaka nikamchukia zaidi, kwa sababu aliinama pale pale akageuza mgongo wake. "Panda, Baba, nikutoe."

Baba akafumba macho.

Asubuhi nilianza kubomoa mwenyewe. Kaka akaja kuuliza gari lake litalala wapi, nikaendelea kupiga nyundo. Nikaujenga ule mrefu, mbaya wa sura, uliokwaruzwa kama nilivyouchora.

Ulipokauka, na mlima wa mezani nimeshaufinyanga upya, Baba akashuka peke yake. Katikati alisimama kwa makusudi, akaachia mikono, kiti kikatulia. Akamalizia. Kule chini akageuza kiti na kufunga mlango.

"Baba, nifungulie na mimi nione," kaka alisema, akigonga.

Tulisikia treni ikianza kupanda mlima. Kaka akagonga tena. Baba hakufungua.