Maharage ya Mwalimu Mkuu

Juzi nilikwenda Mabawe, kwenye shule niliyosoma utotoni, nikakuta uwanja wetu wa mpira wa kikapu wameujengea madarasa. Nikasimama pale kama mwendawazimu, natafuta shamba la maharage. Utanicheka, rafiki yangu, lakini maharage yale yaliniharibia utoto, na kisasi chake nimeshakilipa.

Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, goli moja tu, na kushoto kwa anayeshambulia palikuwa na maharage ya mwalimu mkuu. Uzio hakuna. Ukikanyaga mche mmoja, jioni unabaki kupalilia wenzako wakienda nyumbani. Basi sote tulipitia kulia. Kushoto hakuendi mtu.

Siku mwalimu wa michezo alipochagua timu ya wilaya, niliitamani ile jezi mpaka chai ya asubuhi ilinishinda. Anayenikaba alikuwa mtoto wa jirani yetu. Nikaona kushoto kweupe, nikapita ukingoni mwa maharage. Yule mshenzi akanipiga kikumbo, nikaanguka katikati ya shamba.

"Huyu hata mpaka wa uwanja haujui," mwalimu akasema. Mtoto wa jirani akachaguliwa, mimi nikapewa jembe. Na jina akanipachika huyohuyo mtoto wa jirani: Kifaranga wa Maharage. Likanifuata hadi kisimani.

Jioni ile bibi alipika ndizi kwa maharage, jiko zima linanukia moshi na vitunguu. Nikasusa.

"Kula kwanza, mjukuu wangu," akasema, "halafu ukasirike vizuri."

Nimekasirika vizuri. Leo yule mtoto wa jirani ni mchezaji wa kulipwa, anacheza gadi, ndiye anayepandisha mpira. Nami kazi yangu ni kuwapima wachezaji kabla klabu yetu haijawasajili. Mwezi uliopita wakaniletea jina lake. Ee Mungu, nilicheka peke yangu!

Nikamtazama mechi nzima, wala sikumwonea. Akitokea kulia, anafunga hata umzibe macho. Mpeleke kushoto sasa: anasita, anatoa pasi ya woga. Kukaba ndiyo balaa. Upande uleule anauacha wazi, kana kwamba hakuna mwenye akili atakayepita huko. Wenzangu wakasema ni goti. Goti gani!

"Kurusha anajua," nikamwambia kocha, "lakini nusu ya uwanja haijui. Wapinzani wakigundua, tumekwisha."

Wakamwacha. Sijutii hata kidogo.

Akanipigia simu, mpole kabisa. "Kaka, wewe si mtu wa nyumbani? Mbona umeniharibia?"

"Kayaulize maharage ya mwalimu mkuu."

"Maharage gani?"

Hakuwa anaigiza. Amesahau, mwanaharamu! Ndiyo maana nilifunga safari hadi Mabawe, nilipige picha lile shamba nimtumie. Shamba hakuna. Goli hakuna. Mwalimu mkuu ni marehemu, na bibi yangu pia. Shahidi wangu aliyebaki ni miguu ya yule mtoto wa jirani tu, ambayo mpaka leo haiendi kushoto, inaogopa kupalilia.